Masika ya Kielelezo A

4 Machi

Mvua ya kwanza leo. Umeme nao, kama kawaida yake, ulisubiri tone la kwanza tu ukaondoka zake.

Mume wangu akatoka mbio kwenda kwenye kibaraza cha nyuma, ambako jenereta inakaa mbali na madirisha, chini ya bati alilolipigilia mwenyewe. Akavuta kamba mara moja, ikawaka. Chumbani mashine ya oksijeni ya Mama ililia mlio wake wa kulalamika, kisha ikaendelea na kazi. Mama hata hakufungua macho.

"Umesikia?" mume wangu akaniuliza, maji yakimchuruzika puani.

"Nisikie nini?"

"Ndiyo hivyo. Husikii kitu. Kimya kama paka."

Ndiyo maneno yaliyo kwenye bango la duka lake, na ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Kimya, ingawa ni mtu anayeongea hata akiwa usingizini. Anauza jenereta ndogo za inveta, zile za kubeba kwa mkono mmoja kama sanduku la safari. Umeme wake umetulia, haupandi wala kushuka ovyo, kwa hiyo hata vifaa vya hospitali unaviunganisha bila hofu. Za kampuni kubwa zina sifa hiyo hiyo, ila bei yake utadhani wanakuuzia na bwawa la umeme. Za mume wangu anazimudu hata mwalimu wa darasa la pili, yaani mimi.

Mama yuko kwetu tangu mapafu yake yalipochoka. Daktari alisema asikae bila oksijeni hata kidogo. Kwa hiyo msimu wa mvua, kwetu sisi, ni msimu wa kutega masikio.

9 Machi

Jumapili. Kitinda kaja kula. Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama, na mpaka leo Mama humchambulia samaki miiba. Anafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa ile kampuni kubwa ya jenereta. Yeye na mume wangu wakikutana ni utani mwanzo mwisho.

"Shemeji, yale makopo yako bado yanawaka?"

"Yanawaka. Ya kwenu je, mmeshapata mteja wa tatu?"

Leo Kitinda alikula sana lakini alicheka kidogo. Mama akamwongezea chakula mara tatu. Wakati wa kuaga alimshika Mama mkono muda mrefu. Nikadhani kachoka tu.

12 Machi

Sijui niandikeje bila kutoboa karatasi.

Leo asubuhi mtu wa mahakama kaleta makaratasi dukani. Ile kampuni kubwa inamshtaki mume wangu na waagizaji wengine kwamba jenereta wanazouza zimeiga kitu chao chenye hataza. Hataza, kwa jinsi wakili alivyotueleza, ni haki ya aliyebuni kitu asiigwe bila ruhusa. Na kitu chenyewe ni njia ambayo hewa ya kupoozea injini inapita ndani ya boksi la mashine, inazungushwa hivi na hivi mpaka kelele inafia humo humo.

"Hewa!" mume wangu akapiga meza. "Wameshtaki kwa sababu ya hewa! Hewa nayo siku hizi ina mwenyewe?"

Lakini hilo silo lililonichoma. Mwishoni mwa makaratasi kuna orodha ya mashahidi wa kampuni, na wa kwanza ni mdogo wangu. Yeye ndiye aliyenunua mashine moja dukani kupitia kwa mtu, wakaifungua, wakaipiga picha.

Jumapili alikaa mezani kwangu. Alikula. Akanawa mikono akaondoka.

Nikampigia. "Dada," akasema, "ni kazi. Nilipewa, sikuiomba."

Nikakata simu.

13 Machi

Nimefundisha kujumlisha kwa hasira. Watoto wa watu wamenikoma leo.

17 Machi

Umeme haukuwepo tangu alfajiri hadi jioni. Jenereta haikutikisika. Mume wangu akaipangusa kwa kitambaa kama anafuta uso wa mtoto.

Tulijaribu kumficha Mama habari za kesi. Kazi bure. Kuta zetu ni nyembamba na mkwewe ana sauti ya kunadi nguo. Leo Mama akamwita.

"Baba, nimesikia wanagombania hewa."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii inayoingia puani mwangu? Ni ya kwao au ya kwako? Nisije nikavuta mali ya watu."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni karibu na kitanda. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu makaratasi yaje. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji, nikasahau nilikuwa naenda wapi.

22 Machi

Mvua. Kesi imetajwa, ikaahirishwa. Mvua tena.

28 Machi

Kitinda kapiga simu kuongea na Mama. Kwa kawaida mimi ndiye humshikia simu sikioni. Leo nikaiweka kwenye mto, nikatoka nje. Niliporudi simu ilikuwa imeangukia chini ya kitanda na Mama anaangalia ukuta. Nilitamani aniambie waliyoongea.

2 Aprili

Kinyozi wa kona kairudisha jenereta aliyoinunua mwaka jana. Injini inanguruma vizuri, ila umeme hautoki, na taa nyekundu inawaka.

"Umeizidishia mzigo," mume wangu akamwambia.

"Mashine mbili za kunyolea na redio, Kimya. Ndio mzigo huo?"

"Basi kuna mtu kachomeka pasi."

Kinyozi akaapa hana pasi wala hajawahi kuimiliki, na ukimwangalia shati lake unamwamini. Mume wangu akambadilishia bodi ya umeme bila malipo. Tulipobaki peke yetu hakusema kitu. Mtu anayeongea usingizini akinyamaza mchana, mke lazima ashtuke.

8 Aprili

Leo kaja mama mmoja anayetotolesha vifaranga kwa mashine. Ugonjwa ule ule: injini inaunguruma, umeme hakuna, taa nyekundu. Mayai yake yote yamepoa. Hakufoka. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya duka, mkoba mapajani, anasema pole pole, "Yalikuwa yamebaki kidogo tu kupasuka."

Nikamuuliza mume wangu jikoni, "Na ya Mama?"

"Ya Mama naitunza mwenyewe."

"Sikuulizi nani anaitunza. Nauliza kama ni bodi ile ile."

"Sasa na wewe umekuwa shahidi wao?"

Tukalala kila mtu na ukuta wake. Mwezi mzima nimemwona yeye ameonewa na mdogo wangu msaliti. Leo kwa mara ya kwanza nimemwona mtu anayeogopa kufungua mashine yake mwenyewe akaangalia ndani.

10 Aprili

Kazima jenereta ya Mama wakati umeme upo, kaifungua mfuniko, kaangalia, kafunga. "Iko safi," kasema. Nimemshukuru. Bado moyo haujatulia.

15 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusikilizwa. Mume wangu kavaa suti ya harusi yetu, kaondoka na wakili mapema. Shule imefungwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo nilikuwa nyumbani na Mama. Umeme ulikatika tukinywa chai. Nikaiwasha jenereta mwenyewe, ikakubali. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo, upepo unaipuliza mpaka chini ya bati letu.

Nilikuwa nachambua mchele niliposikia mashine ya Mama inalia. Nje jenereta inanguruma kama kawaida. Nikatoka. Taa nyekundu.

Nikaizima, nikaiwasha. Taa nyekundu. Nikachomoa waya, nikasubiri, nikaurudisha. Taa nyekundu, na ile sauti yake ya paka, imetulia, haina habari na mtu.

Nikarudi mbio nikamhamishia Mama kwenye mtungi wa akiba. Mshale wa kipimo ulikuwa chini ya nusu. Tuliutumia wiki iliyopita na gari la kubadilisha mitungi halijapita kwa sababu ya barabara. Nikampigia mume wangu: simu imezimwa, mahakamani hawaruhusu. Nikapiga hospitali. Dada wa mapokezi akasema gari la wagonjwa lipo ila daraja limefunikwa na maji, nisikate tamaa, wanatafuta njia nyingine. Jirani mwenye jenereta kubwa kasafiri na kafunga geti. Nikapiga tena kwa mume wangu. Imezimwa.

Nikampigia Kitinda. Ndiyo, yeye. Nayo imezimwa. Walikuwa chumba kimoja, kila mmoja upande wake, wakibishana juu ya hewa.

Nikapunguza mtiririko kidogo kama nesi alivyonifundisha, nikakaa kitandani nikamwegemeza Mama kifuani kwangu ili apumue vizuri. Mwepesi siku hizi. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima.

"Umempigia... mdogo wako?"

"Usiongee, Mama. Hifadhi pumzi."

"Nikinyamaza... utalia."

Nikacheka huku nalia, basi akaona amepata ruhusa. Akasema kwa vipande vipande, na mimi sikuweza kumzuia.

"Alikuja... kuniambia. Kabla ya makaratasi. Akasema, Mama, nimepewa kazi ya kumshtaki shemeji... nifanyeje? Nikamwambia, kazi ni kazi. Ila njoo Jumapili... ule kwanza. Nilijua yakifika... hatakula tena hapa. Wewe nakujua."

"Kwa hiyo ulijua? Jumapili ile ulijua?"

"Ndiyo maana... nikamwongezea."

Nikawa nampapasa nywele tu. Yule mtoto alikaa mezani pangu akijua ni mara ya mwisho, akala kwa sababu mama yake kamwambia ale, nami nimemchukia kwa kila tonge lile.

Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu niliposikia geti linapigwa teke.

Waliingia wawili, wamelowa mpaka kifuani, wamebeba jenereta juu juu kama wanabeba jeneza la mtoto, mmoja huku na mmoja kule. Mume wangu na suti ya harusi. Kitinda na tai, imemgeukia mgongoni. Jenereta ilikuwa mpya inang'aa, ya kampuni kubwa, na kwenye mpini wake imefungwa karatasi ndani ya nailoni: KIELELEZO A.

Nilikuja kuelewa baadaye. Umeme ulikatika mahakamani nako, jaji akaahirisha kabla vielelezo havijapokelewa, kwa hiyo mashine ya kampuni, iliyoletwa kulinganishwa na ya mume wangu, ilikuwa bado kwenye gari la Kitinda. Wakatoka, kila mtu akawasha simu yake, wakaona nimewapigia wote wawili. Mume wangu akasimama katikati ya uwanja hajui ashike lipi. Kitinda akamwambia, "Panda." Gari likaishia kwenye maji ya bondeni. Mengine wakatembea.

"Mama?" wote wawili kwa pamoja.

"Anapumua. Harakisheni!"

Kumbe mashine ya kielelezo haikuwahi kutiwa hata tone la oili. Mume wangu akailaza ya kwetu ubavu, akamwaga oili yake kwenye sufuria yangu ya wali, akaimimina kwenye ile mpya. Petroli akaivuta kwa mpira mdomoni, akatema, akavuta tena. Kisha akashika kamba, akavuta. Hakuna. Akavuta. Hakuna. Alivuta kama hajawahi kushika kamba, mtu aliyewasha mashine hizi tangu ujana wake. Akavuta mpaka akateleza akaanguka kwenye maji.

Kitinda akainama, akageuza swichi ya mafuta iliyokuwa imefungwa. Akamsaidia kusimama, akamrudishia kamba mkononi.

Ikawaka.

Mashine ya Mama ikalia, ikanyamaza, ikaanza kazi. Tulisimama watatu kuzunguka kitanda tukiangalia midomo yake ikirudi rangi taratibu. Alipofungua macho akawatazama wale wawili wanavyochuruzika maji kwenye zulia.

"Mmekula?" akauliza.

Mume wangu akatoka kibarazani. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefunika macho. "Nilisema iko safi," akasema. "Niliangalia juu juu, nikasema iko safi." Nikamkumbatia na suti yake yote ya matope.

16 Aprili

Kitinda kalala kwetu kwa sababu ya maji. Kavaa suruali ya mume wangu, anaishikilia kwa mkono mmoja akitembea.

Asubuhi mume wangu akaifungua mashine ya kwetu juu ya meza ya kulia. Safari hii mpaka bodi ya umeme. Bodi za namna hii hupakwa tabaka la gundi ngumu kuzikinga na unyevu. Hii haikupakwa. Kona moja ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na karibu nayo doa jeusi la kuungua.

"Waliozitengeneza hawakuiba hewa tu," mume wangu akasema. "Waliiba hewa, wakasahau gundi."

Kitinda akaangalia muda mrefu. "Umeuza ngapi za hivi?"

"Sijui. Nyingi. Kuna wenye wagonjwa humo."

"Shemeji, ukianza kuzunguka kuwaambia watu, wakili wetu atalisikia. Litasomwa mbele ya jaji. Nakuambia kama ndugu, si kama shahidi."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Mashine yako ya kesi imeshawashwa. Ina oili ya sufuria yangu ndani."

Akacheka, kicheko kile cha utotoni kinachotokea puani. "Mimi nitawaambia ukweli. Nitasema mama yangu alikuwa anaihitaji. Wanifanye wanavyotaka."

Nikamwambia samahani. Nilitaka kuisema vizuri, ikatoka kama kikohozi. Akasema, "Nipe chai basi, dada," na hayo yakawa yameisha.

24 Aprili

Mume wangu hayupo dukani. Anazunguka na pikipiki na kopo la vanishi ya kupaka bodi. Anagonga mlango, anasema, "Mashine niliyokuuzia ina kasoro, naomba niitengeneze." Wengine wanamkaribisha. Mmoja kamfungulia mbwa. Wakili wake kamwambia anajichimbia kaburi. Kamjibu kwamba yupo mzee mmoja upande wa pili wa mto anayelala na mashine kama ya Mama, na mzee huyo hajui habari za hataza.

Bodi ya Mama kaibadilisha, kaipaka mara mbili. Ile ya kampuni kairudisha Kitinda mwenyewe, na karatasi yake.

27 Aprili

Yule mama wa vifaranga kamletea mume wangu trei ya mayai. Kakataa. Nimempokea mimi.

6 Mei

Yamekwisha. Kampuni ilileta yale maneno ya kasoro mahakamani kama Kitinda alivyosema. Mume wangu akasimama akakiri yote: kwamba muundo umeigwa, yeye hakulijua hilo alipoagiza, ila sasa analijua, kwamba bodi ni mbovu, na ameshazitengeneza alizozifikia. Pande mbili zikakubaliana. Mashine zilizobaki anazikabidhi, haziuzi tena, nao hawamdai fidia.

Nilitegemea arudi amevunjika. Karudi na mkate, kakaa chumbani kwa Mama wakala pamoja, anamsimulia jinsi wakili wa kampuni alivyopiga chafya. Duka litakuwa la ufundi. Watu wanaleta mashine za kila aina, za ghali na za bei ya bure, na wanamwamini kuliko zamani. Sikujua kama ningempenda tena hivi, baada ya miaka yote hii.

11 Mei

Mvua imepungua. Mama kala nusu sahani.

15 Mei

Kitinda kahamishwa. Hawakumfukuza. Wamempa tawi dogo la mpakani, safari ya siku mbili. Adhabu iliyovalishwa barua ya pongezi. Mama kaambiwa, kauliza kama huko kuna samaki.

19 Mei

Jua leo, jua kweli. Kitinda kaja kuaga asubuhi, gari limejaa vitu mpaka dirishani. Alipiga magoti kitandani, wakaongea wao wawili, sikusikiliza. Alipoinuka Mama naye akashusha miguu chini.

"Mama, unaenda wapi?"

"Namsindikiza mwanangu. Au hapa hapasindikizwi?"

Nikaanza kukataa. Mume wangu akanigusa bega. Akaleta waya mrefu wa umeme kutoka dukani, akauunganisha, akaibeba mashine ya oksijeni kifuani kama mtoto mchanga. Kitinda akampa Mama mkono. Mimi nikashika waya, nikawa nauachia kidogo kidogo nyuma yao. Sebuleni tukapumzika. Barazani tukapumzika. Mume wangu akawa anatembea kwa hatua za Mama, wala hakupiga stori, jasho linamtoka, mrija mwembamba umening'inia kati yao. Tangu mwaka jana Mama hajawahi kukanyaga ua wetu.

Tulipofika getini waya ulinikazika mkononi. Nikasema, "Mama, umeisha."

Akasimama. Akamrekebisha Kitinda kola, akamtazama.

"Basi," akasema. "Mimi nimefika mwisho wa waya. Wewe nenda."

Akaenda. Gari likakata kona, Mama bado amesimama, na sisi tumesimama naye pale juani, mume wangu na mashine kifuani, mimi na waya.